Maji ya Nyuzi Thelathini na Nane

Nimestaafu. Nina miaka thelathini na moja, meno yangu yote ninayo, na mtoto wa miezi tisa amelala mgongoni mwangu ninapoandika haya. Kwa hivyo kama unataka kucheka, cheka sasa umalize. Nimeosha filamu za watu kwa miaka kumi na miwili, saba ya mwisho kwa mashine ya kuzungusha, ndani ya nyumba ya chumba na jikoni hapa mtaa wa Mowlem, Nairobi. Kuanzia juzi sioshi tena hata moja. Mashine inaenda mtaa wa Baba Dogo kwa Sharon na Abdi, vijana wanaoanza kazi hii, na haya ninayoandika ni yao. Walinipigia simu: "Auntie, tuandikie basi jinsi inavyotumika." Nikasema nitaandika ukurasa mmoja. Kurasa zimezidi kwa sababu nina hasira, na hasira yangu haitoshei ukurasa mmoja. Na mkiniita Auntie tena nitabaki na waya wa umeme.

Nianzie mwanzo. Nilimaliza Fomu Foo na alama ambazo hazikunipeleka popote, nikaenda Kariobangi kutafuta kazi ya kuuza duka. Karibu na soko kulikuwa na studio ya picha za pasipoti, na mwenyewe alikuwa Mama Nuru, mama wa Kiislamu aliyezaliwa papa hapa Nairobi, mfupi, mwenye miwani ya kufungwa kwa kamba ya viatu. Aliniangalia mikono kwanza kabla ya uso.

"Unatokwa na jasho viganjani?"

"Hapana, Mama."

"Utatokwa. Ingia."

Siku yangu ya kwanza yote nilikaa sakafuni nimefunikwa leso mbili kichwani, na filamu iliyokwisha haribika mkononi, nikijifunza kuiviringisha kwenye rili gizani. Rili ni kile kigurudumu cha plastiki chenye mifereji. Filamu inaingia kwenye mfereji, unachezesha mikono mbele na nyuma, nayo inapanda yenyewe. Hiyo ndiyo hadithi. Ukweli ni kwamba rili ikiwa na tone moja tu la maji, filamu inanata, inakunjika, unaanza kulia ndani ya leso. Nililia. Mama Nuru akasema kutoka nje, bila huruma yoyote, "Machozi pia ni maji. Yapanguse kabla hujashika rili." Hilo somo la kukausha rili ndilo la kwanza na ndilo mtakalolisahau kwanza. Mimi nilikuwa nazianika dirishani tangu asubuhi, na siku za mvua nilizilaza juu ya friji, nyuma, pale panapotoka joto.

Miaka mitano tuliosha kwa mkono. Tangi dogo lisiloingiza mwanga, dawa ya kwanza, ile inayoitoa picha, unapindua, unagonga mezani kutoa mapovu, unapindua tena. Beseni la maji ya moto liko kando, na sufuria iko kwenye jiko kuongezea moto kila maji yakipoa. Filamu ya rangi inataka dawa ya kwanza iwe nyuzi thelathini na nane, dakika tatu na robo, basi. Si thelathini na sita. Si "karibu arobaini hivi". Mama Nuru alikuwa na kipimajoto kimoja cha kioo alichokiweka kifuani, ndani ya nguo, kwa sababu mezani watoto wa wateja wangekivunja. Alikuwa akikichovya ndani ya chupa ya dawa, sio kwenye beseni, halafu ananyamaza kama mtu anayesikiliza mlango ukibishwa. Nilimuuliza kwa nini asipime beseni tu. Akaniambia, "Filamu haiogi kwenye beseni. Inaoga kwenye chupa."

Nilimpenda yule mama tangu hapo na sijaacha. Alikuwa akinituma chai halafu ananywa nusu yangu. Alikuwa akiniambia mimi ni mzembe mbele ya wateja, halafu wateja wakitoka ananiambia, "Nimekusema ili wasikuombe haraka." Macho yake yalipoanza kuchoka alifunga studio, akaniachia matangi, chupa na yale matusi. Nikavibeba vyote mpaka nyumbani.

Sasa mashine. Mnanisikia nyinyi wawili? Hapa ndipo mlipotaka.

Watu wananiuliza kwa nini mashine na si mkono. Kwanza, mashine inalaza tangi ubavu na kulizungusha, kwa hivyo dawa kidogo tu inatosha, kikombe kidogo cha chai mahali ambapo ungemwaga viwili. Pili, tangi linazunguka ndani ya maji ya moto, na chupa zako zimesimama kwenye maji yaleyale, kwa hivyo joto ni moja kwa wote. Tatu, mkono wangu wa kulia ulikuwa umeanza kuuma. Sina sababu ya nne.

Yangu ya kwanza nilitengenezewa jua kali hapo Kariobangi na fundi anayeitwa Oti. Nilimchorea kwenye karatasi ya unga. Akaiangalia, akacheka.

"Niaje msanii, hii ni ya kuchoma kuku?"

"Ni ya kuosha filamu."

"Filamu bado ziko?"

"Oti, utatengeneza ama hutengenezi?"

Akatengeneza. Karai refu la bati, magurudumu manne ya mkokoteni wa mtoto, na mota ya waipa ya gari. "Hii itazunguka mpaka Yesu arudi," akaniambia. Na kweli ilizunguka. Tatizo ni kwamba ilizunguka upande mmoja tu. Filamu zangu sita za kwanza zilitoka na michirizi pembeni, kama mtu amezichana kwa kitana, kwa sababu dawa ilikuwa inakimbia njia moja kila mara na kurundikana penye matundu ya filamu. Mteja mmoja, kijana wa ofisini mwenye ndevu za kuchongwa, aliniuliza kama hiyo ni "staili". Nikamwambia ndiyo. Mungu anisamehe.

Kwa hivyo mkichagua mashine nyingine siku moja, hii ikifa, ulizeni hili kabla ya kuuliza rangi yake: inageuka? Izunguke mara chache kwenda, igeuke yenyewe, irudi. Isipogeuka, iacheni kwa mwenye nayo. La pili, wekeni pima maji ya waashi juu yake. Ikikaa imeinama hata kidogo, dawa inajaa upande mmoja wa tangi, na filamu ya upande wa pili inalambwa tu. Nyumba yangu ina sakafu iliyoinama kuelekea mlangoni. Nilikuwa nakunja kadi ya kliniki chini ya mguu wa mashine ndipo inyooke. La tatu, mota isikie uzito. Jazeni tangi maji, iwasheni, mkae nayo robo saa. Ikianza kunung'unika, huyo ni mgonjwa anauzwa.

La nne linanitia hasira hata sasa. Ile namba iliyo kwenye kitufe cha joto si joto. Ni matumaini. Ya kwangu, hii mnayochukua, nilinunua mkono wa pili kwa mzungu aliyekuwa anahama, imetunzwa kama yai, na bado ukiiweka thelathini na nane inakupa arobaini na moja. Nimechora mstari kwa rangi ya kucha pale penye thelathini na nane ya kweli. Ni ule mwekundu. Ule wa zambarau ulikuwa makosa.

Mambo mengine nayasema harakaharaka. Filamu nyeusi na nyeupe punguzeni muda, kwa sababu mashine haipumziki kama mkono; msipopunguza, nyuso za watu zitatoka kama zimepakwa chokaa. Dawa ya mwisho, ile ya sabuni, isiingie kamwe kwenye mashine wala kwenye rili. Toeni filamu, iogesheni kwenye bakuli pembeni. Mkiitia kwenye rili, rili zinashika utelezi wa kunata, na mtakuwa mnalia ndani ya leso kama mimi. Maji ya kusuuza mara ya mwisho yasiwe ya kisima cha mtaani, yana chumvi, yanaacha madoa meupe kama mate ya mtoto. Mimi nilikuwa nachemsha ya mvua.

Na stima. Stima itapotea, hilo halina mjadala. Mara ya kwanza ilipotea filamu ikiwa ndani kwenye dawa ya kwanza, saa nane mchana, tokeni imeisha nami nimejisahau. Nililishika tangi kwa mikono miwili, nikalizungusha humohumo ndani ya maji huku nikihesabu kwa sauti, kwenda mara mbili, kurudi mara mbili. Jirani akabisha kuomba chumvi. Nikapaza sauti, "Ingia, iko kwenye rafu, thelathini na tatu, thelathini na nne!" Akachukua chumvi akatoka bila kuniuliza kitu. Filamu ile ilitoka safi kuliko zote za mwezi ule. Kwa hivyo msiogope stima. Ogopeni adabu.

Nitaeleza.

Mimi nimeolewa kwa Wabukusu. Kwetu sisi watu wa magharibi, mama mzazi wa msichana halali nyumba ya mkwe wake, tena mkwe mwenyewe anamkwepa njiani. Kwa hivyo nilipojifungua Nekesa, mama yangu hangeweza kuja kukaa na mimi kwenye chumba kimoja. Kazi ile ya kulea huangukia mama wa mume. Na mama mkwe wangu hakuweza kuja kwa miezi kadhaa, kwa sababu ulikuwa mwaka wa kutahiri, na mjukuu wake wa kiume, Simiyu, mtoto wa shemeji yangu, alikuwa anaingia jandoni. Akatuma ujumbe: nimalize ya Simiyu kwanza, ndipo nije ya Nekesa.

Na akaagiza kitu kimoja zaidi. Miaka iliyopita mjukuu wake mkubwa alitahiriwa, picha zote zikachukuliwa kwa simu, na simu ikaibiwa sokoni kabla ya wiki kuisha. Hakuna hata moja iliyobaki. Ukutani kwake kuna picha ya kila mtoto wake wa kiume alfajiri ya kutahiriwa kwake, amepakwa udongo wa mtoni mwili mzima, na baada ya hao ukuta ni mtupu. Akasema safari hii anataka picha ya kushika. Nikampa shemeji yangu mwingine, yule mdogo, kamera yangu ya zamani yenye filamu moja ya rangi, ya picha thelathini na sita, nikamwonyesha pa kubonyeza. Filamu moja tu. Kijana hatahiriwa mara mbili.

Mama mkwe akaja na hiyo filamu amejifunga kiunoni ndani ya kitambaa, pamoja na nauli yake ya kurudi. Hakunipa mkononi tu. Aliketi, akanywa maji, akamshika mtoto, ndipo akaifungua. "Simiyu huyu hapa," akasema. "Mtoe."

Nikamwambia nitamtoa wiki hiyo. Na kila asubuhi akawa ananiuliza, "Simiyu ametoka?" Nami najibu, "Bado, Mama." Mtoto alikuwa na miezi saba, wateja walikuwa wananipigia simu, na watu wote niliowajua walikuwa wananiambia nipumzike kwa vile sasa mimi ni mama. Hilo ndilo la kunichoma zaidi. Siku moja mteja aliingia, akaona mtoto ananyonya, akauliza, "Fundi yuko?" Nikamwambia fundi ananyonyesha, subiri nje. Niliapa hakuna mtu atakayenitoa kwenye ile kazi kwa sababu ya mtoto. Niliapa kwa sauti, hata mtoto akaruka.

Jumanne ndiyo siku ya maji kwetu. Yanakuja kwa saa chache kwenye bomba la chini, na asiyechota siku hiyo anaenda kuomba wiki nzima. Jumanne ile nikawasha mashine asubuhi, nikasimamisha chupa zangu tatu ndani ya maji, nikangoja mpaka nikapima ndani ya chupa: thelathini na nane. Filamu ya Simiyu ilikuwa tayari ndani ya tangi. Ndipo nikasikia kelele chini, "Maji! Maji!" Nikamwachia mama mkwe mtoto, nikachukua mitungi, nikashuka. Ghorofa nne, foleni, maji yanatoka kwa uvivu. Nilipanda na kushuka kama mara sita. Labda ilikuwa saa nzima.

Nikarudi nimelowa jasho. Taa nyekundu ya mashine ilikuwa inawaka, maana yake mashine inapasha. Niliiona. Andikeni hapo kwamba niliiona. Mashine iliyokwisha fika joto haina sababu ya kuwasha ile taa kwa muda mrefu. Lakini mtoto alikuwa ameanza kulia usingizi, mama mkwe alikuwa ananiangalia kwa yale macho ya Simiyu-ametoka, na nilikuwa nimeshapima. Nilishapima, nikajiambia. Nikamwaga dawa.

Dakika tatu na robo. Dawa ya pili. Maji. Dawa ya tatu. Maji. Nikafungua tangi, nikavuta filamu, nikainua kwenye mwanga wa dirisha.

Kulikuwa na mtu mwembamba sana hapo. Wote walikuwa wembamba. Vivuli tu, vya rangi ya chai iliyomwagiwa maji, na nusu ya filamu ilikuwa karibu tupu. Nikakichukua kipimajoto nikakichovya kwenye chupa ya dawa ya kwanza. Thelathini na mbili.

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa kitandani na Nekesa miguuni, anamkanda mapaja kwa mafuta, mtoto anang'aa kama mdomo wa chupa.

"Mama, kuna mtu ameshika hii mashine?"

"Nani aishike? Tulikuwa sisi wawili."

"Maji yamepoa."

"Ah, hayo!" Akatabasamu, jamani, alitabasamu. "Hayo nilichota jagi tatu nikamwogeshea mtoto. Yalikuwa mazuri! Nilichovya kiwiko, nikasema huyu msichana ana akili, ameweka maji ya mtoto kwa stima. Hata sikuongeza baridi."

"Ulichota kwenye mashine."

"Nikarudisha! Nikajaza tena tatu za mtungi. Nitachota maji ya mwenye nyumba niache chombo chake kimepungua? Mimi si mtu wa hivyo."

Sharon, Abdi, nimeishi kwenye ploti za maji ya foleni maisha yangu yote. Ukichota kwenye mtungi wa mwenzako, unarudisha palepale palipokuwa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na mtu asiyefanya hivyo tunamsema mpaka ahame. Alifanya adabu. Ningekuwa ugenini ningefanya hivyohivyo. Wala joto hakukosea: maji ya kuogesha mtoto mchanga na maji ya filamu ya rangi ni maji yaleyale, nyuzi kwa nyuzi. Miaka saba nilikuwa nayatazama na sikuwahi kulifikiria hilo.

Kilichofuata ndicho kilichonipiga. Yale maji ya kwenye karai la mashine sikuwa nimeyabadilisha tangu wiki iliyotangulia. Maji ni shida, na ni ya kupashia tu, si ya kugusa filamu. Lakini chupa zinadondosha. Ukimwaga dawa, tone linashuka shingoni mwa chupa mpaka kwenye karai. Na mtoto wangu alikuwa ameogeshwa humo, kichwa na masikio na mikunjo yote ya shingo.

Sijui nilisema nini. Najua nilipiga kelele kwa sababu jirani wa chumvi alikuja. Nilimnyakua mtoto, nikamsuuza mwili mzima kwa maji safi ya mtungi, baridi vilevile, akalia mpaka akakauka sauti, nikamfunga mgongoni nikakimbia kliniki. Mama mkwe alinifuata akiwa peku. Viatu vilibaki mlangoni. Njia nzima alikuwa anauliza, "Ni sumu? Niambie kama ni sumu," na mimi sikumjibu. Sikumjibu, na hilo silisahau.

Nesi alimvua nguo, akamgeuza, akatazama macho, mdomo, ngozi. Akaniuliza dawa gani, nikamtajia. Akauliza ilikuwa kiasi gani ndani ya maji kiasi gani. Nikasema matone, ndani ya karai. Akasema nimefanya vizuri kumsuuza, niangalie vipele kwa wiki moja, na nikiona chochote nirudi. Halafu akaniangalia.

"Mama Nekesa, hiyo kazi unafanyia wapi?"

"Nyumbani."

"Na huyu ameanza kutambaa?"

"Anajaribu."

Alifunga kitabu cha kliniki, akanirudishia.

Vipele havikutokea. Nimemaliza hilo, msikae na wasiwasi. Lakini wiki ile yote tulikuwa watu wawili wazima kwenye chumba kimoja tukimkagua mtoto mmoja. Mama mkwe aliacha kuuliza kama Simiyu ametoka. Alidhani nina hasira naye. Nilikuwa na hasira, lakini si naye. Mtu aliyepaswa kupima mara ya pili ndani ya chupa ni mimi, na mtu aliyepaswa kumwaga yale maji ya wiki iliyopita ni mimi. Niliona taa. Nilishaandika kwamba niliiona.

Siku ya saba nilizichukua zile negativu nikaenda kwa Mama Nuru. Siku hizi haoni vizuri. Aliishika filamu karibu kabisa na jicho moja, akaipitisha mbele ya balbu polepole kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

"Ulipima ndani ya chupa?"

"Nilipima. Halafu nikaenda kuchota maji."

"Halafu hukupima."

"Halafu sikupima."

"Mzembe," akasema. Hapakuwa na mteja yeyote mle ndani wa kusingizia. Akaipitisha tena. "Rangi hii imekwenda, usiihangaikie. Utaitafuta mpaka upate uso wa kijani. Lakini umbo lipo. Ya nne, ya saba, hizi za mwisho mwisho walipopata jua. Chapisha nyeusi na nyeupe, karatasi ngumu, yenye kukaza weusi na weupe. Usiwaonyeshe zaidi ya zilizosimama."

Zilizosimama zilikuwa kumi na moja kati ya thelathini na sita.

Nilizichapisha, nikazipanga kitandani mchana, mtoto akiwa amelala, nikamwita mama mkwe. Alifuta mikono kwanza. Akainama juu yake. Simiyu akiwa na njuga mikononi, mdomo wazi, anaimba. Simiyu na binamu zake wanatembea, miguu haionekani. Simiyu anarudi kutoka mtoni, udongo umemkauka mwilini, mweupe kama jiwe, macho mawili tu ndiyo meusi, na nyuma yake umati wa watu uliofifia mpaka huwezi kumtambua yeyote.

"Rangi iko wapi?" akauliza.

"Hakuna, Mama. Iliharibika siku ile."

"Niliiharibu."

"Hapana. Mimi ndiye niliyekosa kupima. Hayo maji hata ungeyachota yote, kazi ya kupima ni yangu."

Halafu akaichukua ile ya udongo, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Baba Simiyu atauliza mbona watu wa nyuma hawaonekani."

"Nitamwambia ukweli."

"Mwambie kulikuwa na ukungu," akasema. "Alfajiri, mtoni. Nani atabisha?" Na akacheka, kidogo tu, kwa pua, na mimi nikacheka, na tukacheka mpaka tukamwamsha Nekesa. Nikamwomba msamaha kwa kutomjibu njiani ile siku. Alisema hakumbuki kuuliza kitu, alikuwa anakimbia. Anakumbuka.

Ndipo nikamwambia nilichoamua. Kwamba mashine inaondoka. Si kwa sababu mteja fulani alitaka fundi mwanamume, wala kwa sababu mwanamke akizaa anakwisha. Anayesema hivyo aje anitafute. Mashine inaondoka kwa sababu chumba ni kimoja, mtoto ameanza kutambaa, na hakuna kibandiko ninachoweza kubandika kwenye karai kitakachomzuia mgeni mwenye adabu kuona maji ya moto na kumwogesha mtoto. Kuna vijana wawili Baba Dogo wana chumba kisicho na mtoto ndani. Nilidhani atashukuru Mungu. Tangu afike alikuwa anaiita "hilo beseni lako linalonguruma".

Alikunja uso.

"Na picha za Nekesa utaoshea wapi?"

Tangu siku tuliyotoka na Nekesa hospitali nimekuwa nikimpiga picha, filamu moja, polepole, na nikaijaza, na sikuwahi kuiosha. Kila siku kulikuwa na filamu ya mtu mwingine mbele yake. Miezi tisa. Mimi, fundi, sina picha hata moja ya kushika ya mtoto wangu.

Kwa hivyo hii mashine siwauzii, nawapa, na malipo yake ni kuniosha filamu moja. Njooni Jumamosi, njooni na mtu mwenye mgongo, ni nzito. Rili ziko kwenye mfuko wa samawati, kavu. Filamu ya Nekesa iko ndani ya friji, nyuma ya maziwa, jina lake limeandikwa kwa kalamu nyeusi. Hiyo ndiyo mtakayoosha kwanza, kabla ya ya mtu yeyote. Mkiiharibu nitakuja Baba Dogo kwa miguu, na nitakuja na mama mkwe.